Betri Kubwa Kama Kontena: Mbona Stori ya Stima ya Meru na Embu Inakuhusu, na Nani Anafaa Kutoa Doh ya Kujaribu

Wasee wengi wakiskia neno "betri" wanafikiria simu iko asilimia 3 na chaja imeachwa kwa keja ya beste. Hiyo ni betri pia, lakini leo tunaongea kuhusu ile kubwa. Ile ya saizi ya kontena, inawekwa kando ya mashamba ya sola na upepo, na kazi yake ni kushika stima ya mchana ndio uitumie saa mbili usiku ukichemsha githeri.

Kenya bado tuko nyuma kwa hii game. Lakini kuna place moja ambayo ilitajwa mapema sana, na si Kanairo. Ni Meru. Na ukishuka kidogo mpaka Embu, upande wa Mbeere, kuna betri nyingine kubwa zaidi ambayo imekuwa ikifanya kazi tangu kabla uzaliwe, ni vile tu hakuna mtu huiita betri.

Tulia nikupangie hii maneno polepole. Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu ya hapa haitaki digrii.

Kwanza elewa bomba na tangi

Ukiskia mtambo una "megawati 80," hiyo ni saizi ya bomba: stima kiasi gani inaweza toka kwa mpigo mmoja. Ukiskia "megawati-saa," hiyo ni saizi ya tangi: kuna stima kiasi gani imehifadhiwa ndani. Betri ya megawati 2 yenye tangi ya megawati-saa 4 inaweza mwaga stima kwa nguvu zote kwa masaa mawili, kisha imekauka.

Na ile unit moja ya tokeni unayonunua kwa simu? Hiyo ni kilowati-saa moja. Kwa hivyo megawati-saa moja ni unit 1,000 za tokeni. Shika hiyo, itakusaidia mbele.

Shida ya Kenya si stima kidogo tu, ni saa

Kenya stima yetu mob inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji ya mabwawa, upepo wa Marsabit na jua. Hiyo ni sifa, nchi nyingi zinatamani. Lakini cheki vile siku inaenda.

Usiku wa manane wasee wamelala. Upepo kule Lake Turkana Wind Power, yenye megawati 310, unaweza kuwa unavuma kama umetumwa, na mvuke wa Olkaria hauzimwi kama taa. Stima inabaki hadi mitambo mingine inapunguzwa nguvu. Halafu saa moja jioni kila mtu anafika keja kwa wakati mmoja: taa, runinga, pasi, kinyozi ana wateja, posho mill inamaliza za mwisho. Jua nalo limeenda kulala. Hapo ndio gridi inakuwa na presha. Mwaka 2025 hitaji la juu kabisa lilipita megawati 2,300, na rais mwenyewe akakubali kuwa kuna sehemu za nchi zinapunguziwa stima jioni ndio zingine zitoshe.

Kwa ufupi, saa tisa usiku tunamwaga, saa mbili jioni tunaomba. Betri ni ya kuziba hiyo pengo.

Na kuna kazi ya pili ambayo ni ya sekunde. Unakumbuka 25 Agosti 2023? Nchi karibu yote iliingia giza totoro, mpaka uwanja wa ndege wa JKIA. Kenya Power ikasema shida ilianzia upande wa upepo wa Turkana, wenye upepo wakasema shida ilianzia kwa gridi. Hiyo kesi waachie wao. Chenye kinakuhusu ni hiki: mtambo mkubwa ukitoka ghafla, gridi inayumba, mingine inajizima kujikinga, na kitu inaanguka kama domino. Betri inaweza ruka ndani kwa chini ya sekunde moja na kushika gridi kabla iyumbe. Mtambo wa dizeli hauna hizo mbio.

Meru ilitajwa 2018

Mwaka 2018, kaunti ya Meru chini ya gavana Kiraitu Murungi, ambaye kabla ya hapo alikuwa waziri wa kawi, ilitangaza mradi na kampuni mbili: Windlab ya Australia na Eurus Energy ya Japani. Jina lake Meru County Energy Park. Mpango ulikuwa hivi: mpaka megawati 80, mitambo ya upepo kama 20, paneli za sola zaidi ya 40,000, na betri. Vyote mahali pamoja. Gharama ilitajwa kuwa kama dola milioni 150. Wakati huo ilitangazwa kuwa mradi wa kwanza mkubwa wa aina hiyo Afrika, wa kuchanganya upepo, jua na betri.

Mbona uchanganye? Kwa sababu mchana jua liko, na mara nyingi upepo unapanda jioni na usiku. Kimoja kikilala kingine kimeamka, na betri iko hapo katikati kusawazisha. Nyaya za kupeleka stima kwa gridi ni zile zile, kwa hivyo hujengi mara mbili. Kaunti nayo ingekuwa na mkono ndani kupitia shirika lake la uwekezaji. Hii haikuwa tu kampuni inakuja kukodisha shamba.

Sasa ni miaka imepita, na hizo megawati 80 hazijaingia kwa gridi.

Sababu moja kubwa ni hii. Kenya, mtu akijenga mtambo mkubwa wa stima, mnunuzi ni mmoja: Kenya Power. Bila mkataba wa kununuliwa stima, benki haikupi hata mbao. Na mwaka 2021 rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliunda jopo la kuchunguza hiyo mikataba kwa sababu wananchi walikuwa wanalia bei. Jopo likapendekeza mazungumzo ya mikataba ambayo haikuwa imekamilika yasimamishwe. Miradi mob ikabaki hewani.

Jopo lilikuwa na point, bei ilikuwa inauma. Lakini cheki shida ingine ambayo haikuguswa sana: mikataba yetu imezoea kulipia unit za stima. Haijazoea kulipia kazi ya betri, yaani ile ya kukaa tayari, kuruka kwa sekunde na kuhamisha stima kutoka saa sita mchana mpaka saa mbili usiku. Ni kama kuajiri golikipa halafu unamlipa kwa mabao anayofunga. Atalala njaa hata kama anaokoa game kila wiki.

Hapo ndio sirkal inaingia

Teknolojia mpya hupitia mahali fulani pagumu. Kwa maabara imefanya kazi, kila mtu amepiga makofi. Lakini kujenga ya kwanza ya ukweli, kwa gridi ya ukweli, na vumbi na radi na nyani, ni ghali, na hakuna anayejua itafanya aje. Mwekezaji anaogopa kuwa wa kwanza. Benki inasema, "Tuonyesheni moja inayofanya kazi." Na hakuna moja inayofanya kazi kwa sababu benki imekataa.

Kuvunja huo mduara, nchi nyingi hutumia doh ya umma kwa vitu viwili: utafiti, na miradi ya mfano. Mradi wa mfano si wa kupata faida kubwa. Ni wa kujua: inaharibika wapi, inagharimu ngapi kweli, na sheria gani inafaa kubadilishwa.

Sasa cheki vile hii stori inazunguka. Hizo kampuni mbili za Meru, Windlab na Eurus, zilikuwa na mradi kaka yake kule Australia, Kennedy Energy Park, karibu na mji mdogo wa Hughenden, jimbo la Queensland. Upepo megawati 43, sola megawati 15, betri ya megawati 2 na tangi ya megawati-saa 4. Muundo ni ule ule. Tofauti ni kwamba sirkal ya Australia, kupitia shirika lake la kawi safi linaloitwa ARENA, iliahidi dola milioni 18 za kwao. Na haikuwa zawadi ya bure: ilikuwa doh ya kurudishwa mradi ukianza kupata pesa.

Je, mambo yalienda smooth? Wapi. Mradi ulijengwa kisha ukakaa muda mrefu ukisubiri kuunganishwa vizuri kwa gridi, kwa sababu kuchanganya upepo, sola na betri nyuma ya laini moja kulileta maswali ambayo sheria za gridi hazikuwa na majibu. Ungesema wameangukia pua. Lakini hiyo ndiyo kazi ya mradi wa mfano. ARENA huwa na masharti: ukichukua doh yetu, lazima uandike ulichojifunza na wengine wasome. Aliyekuja nyuma hakuanza sufuri.

Hiyo nchi hiyo, 28 Septemba 2016 jimbo zima la South Australia lilizimika. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2017, betri ya Hornsdale ilikuwa imesimama: megawati 100, megawati-saa 129, betri za Tesla, na sirkal ya jimbo ikiwa na mkataba wa kuilipa kwa kulinda gridi. Haikuwa imemaliza mwezi, mtambo mkubwa wa makaa ya mawe ulitoka ghafla na betri ikajibu kwa sehemu ya sekunde. Kutoka hapo wawekezaji wakaanza kupiga foleni.

Hata betri ya simu yako imekula doh ya utafiti

Usifikirie hizi vitu hutoka kwa duka tu. Betri ya lithiamu ilianza kama utafiti miaka ya 1970, John Goodenough na wenzake kule Oxford wakapiga hatua kubwa 1980, Sony ikaiweka sokoni 1991, na Tuzo ya Nobel ikakuja 2019. Hiyo ni miaka 40 na kitu ya watu kulipwa wajaribu, wafeli, wajaribu tena.

Sirkal ziliendelea kuweka. Marekani mwaka 2009 iliweka zaidi ya dola bilioni 2 kwa betri na magari ya stima. Uingereza 2017 ikaanzisha mpango wa pauni milioni 246. China iliweka nguvu zake zote mpaka leo ndiyo inatengeneza betri nyingi zaidi duniani.

Matokeo? Mwaka 2010 betri ya kilowati-saa moja ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2024 wastani ulikuwa kama dola 115. Piga hesabu: tangi kama ile ya Kennedy, kilowati-saa 4,000, ingekugharimu zaidi ya dola milioni 4 kwa betri pekee mwaka 2010. Bei ya 2024 ni kama dola 460,000, kabla uweke nyaya na mitambo mingine. Wakati Meru ilikuwa imekwama, bei ilikuwa inaanguka. Hiyo ni habari njema, ukijua kuitumia.

Embu: betri ya maji

Sasa shuka Mbeere. Mto Tana ukipita pale kuna mabwawa matano yamejipanga kama ngazi, Seven Forks: Masinga megawati 40, Kamburu 94, Gitaru 225, Kindaruma 72 na Kiambere 168. Jumla kama megawati 600. Kindaruma ilianza 1968, Kiambere ikafunga kazi 1988. Maji yale yale yanazalisha stima Masinga, yanateremka Kamburu, yanazalisha tena, mpaka chini.

Bwawa ni betri. Masinga inabeba maji kama kiubiki mita bilioni 1.5. Ukifunga geti umehifadhi stima, ukifungua umeitumia. Shida ni kuwa chaja yake ni mvua. Mwaka 2009 ukame ulifanya mtambo wa Masinga uzimwe kabisa. Mwaka 2024 ikawa kinyume, mvua ikaleta mafuriko na mabwawa yakafurika mpaka watu wa Tana River wakahama.

Ndio maana KenGen imekuwa na mpango wa sola ya megawati 42.5 hapo hapo Seven Forks. Na hapa kuna ujanja mzuri: mchana jua linabeba mzigo, geti la maji linafungwa kidogo, maji yanabaki. Jioni jua likizama, unafungua maji. Umetengeneza betri bila kununua betri. Nyaya kubwa za kwenda Nairobi ziko tayari pale.

Kuna hatua zaidi ya hiyo: kutumia stima ya ziada usiku kupandisha maji kutoka bwawa la chini mpaka la juu, kisha kuyaachilia jioni. Afrika Kusini wanafanya hivyo Ingula, megawati 1,332. Ngazi ya Seven Forks ni mahali pa kuuliza hilo swali kwa makini, na kuuliza kwa makini ni utafiti, na utafiti unataka doh.

Lakini usisahau kitu moja. Watu wa Mbeere wamelalamika miaka mingi kwamba nyaya zinapita juu ya mabati yao zikienda kwingine, na wao wako na koroboi. Teknolojia mpya ikija na tabia ya zamani, itakutana na hasira ya zamani. Waulize wa Kinangop, Nyandarua: mradi wa upepo wa megawati 60 ulikufa 2016 baada ya vita ya mashamba na wenyeji.

Doh ya utafiti Kenya iko wapi?

Karatasi iko fiti. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kusema ipewe asilimia 2 ya uchumi wa nchi kila mwaka. Uchumi wa Kenya 2023 ulikuwa kama shilingi trilioni 15. Asilimia 2 ya hiyo ni bilioni 300. Hazina haijawahi kuona kitu karibu na hapo.

Sheria ya Kawi ya 2019 nayo iliipa shirika la NuPEA, lile la nyuklia, kazi ya kusimamia utafiti wa kawi yote. REREC ikapewa kawi mbadala. Lakini sola ya Garissa ya REREC, megawati 50, ilifunguliwa 2019 bila betri ya kuhifadhi. Jua likizama, kazi imeisha.

Kuna mwanga kidogo. KenGen inapanga betri ya megawati 100 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, na 2025 ilizindua ya majaribio Nairobi, megawati-saa 1.16, kwa kituo chake cha data. Kwa lugha ya tokeni hiyo ni unit 1,160. Ni kidogo, lakini mafundi wa hapa wanaigusa, na hapo ndio mwanzo.

Swali ni, mbona ibaki Nairobi? Chuo cha MUST kiko Nchiru, Meru. Kuna Meru National Polytechnic. Chuo Kikuu cha Embu kiko karibu na hayo mabwawa yote. Kuna wasee pale wanajua kufungua betri ya nduthi ya stima na kukuambia seli gani imekufa. Wape kontena moja ya majaribio, data wazi, na mshahara wa miaka mitatu.

Na wewe unaingilia wapi?

Kama uko na kinyozi Makutano au duka la welding Embu mjini, stima ikipotea saa moja jioni hiyo ni ganji yako imeenda. Huwezi ng'oa jenereta kila siku na bei ya petroli ilivyo.

Kama unaendesha nduthi, tangu 2023 kuna bei maalum ya stima ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa unit, na 8 saa za usiku. Kila betri ya nduthi inayochajiwa usiku inakula ile stima iliyokuwa inamwagwa. Ikizeeka kwa barabara, bado inaweza kuwa na nguvu za kuwasha duka, kama kuna mtu amefundishwa kuipanga upya bila kuchoma mtaa.

Na kama umemaliza kozi ya umeme na uko tu kwa base, jua kuwa betri za gridi zinakuja. Chenye hakijaamuliwa ni kama zitakuja zimefungwa na mafundi wao wa nje, sisi tukipewa kazi ya kulinda geti, ama zitakuja kama tumeshajifunza kuzifungua.

Kwa hivyo kaunti yako ikiita watu kutoa maoni ya bajeti, enda. Uliza haya:

1. Ule mradi wa 2018 wa Meru umefika wapi, na mkataba wa mashamba unasema nini?
2. Sola ya Seven Forks ikija, vijiji vilivyo chini ya nyaya vinapata nini?
3. Doh ya umma ikiingia kwa betri, data itakuwa wazi ama itafungiwa kabati?
4. Vijana wangapi wa hapa watafunzwa, na kwa kazi gani hasa?
5. Betri ikikufa, itatupwa wapi?

Hiyo ya mwisho usiiache, hata kama mwenye maiki anaangalia saa.